Vichupa vya shira ya mepo vya kugawia wageni: maswali mnayouliza kuhusu bei

Tunajaza na kuuza vichupa vya shira ya mepo (maple syrup, utomvu wa mti wa mepo uliochemshwa) hapa jimbo la Vermont, Marekani, na sehemu kubwa ya wateja wetu wa harusi, ubarikio, akika na mahafali ni Waswahili wenzetu: Wakongo na Warundi wa Burlington na Winooski, ndugu wa Portland na Lewiston kule Maine, na wengine kutoka ng'ambo ya mpaka, Kanada. Maswali ni yale yale kila msimu, na karibu yote yanaishia kwenye hela. Majibu ni haya. Bei tulizoandika ni za mfano, kwa dola za Marekani, ili uone hesabu inavyokwenda. Kabla ya kuagiza tuulize bei ya siku hiyo.

Kichupa kimoja ni bei gani?

Cha kioo, mililita 50, chenye lebo ya majina ya maharusi na kikadi cha kuning'inia shingoni, ni kama dola 6 ukichukua kuanzia mia moja. Cha mililita 100 ni kama dola 7 na nusu. Ukichukua vichache, dazeni mbili kwa mfano, kila kimoja kinapanda hadi dola 7 na nusu au 9. Sababu iko hapa chini.

Dola 6 kwa kichupa kisichojaa hata kiganja? Galoni nzima inauzwa dola 50!

Hili ndilo swali lenyewe, na anayeuliza hakosei hesabu. Galoni ya Marekani ni mililita 3,785. Ukiigawa kwa 50 unapata vichupa 75, kwa hiyo shira iliyomo ndani ya kimoja haifiki senti 70. Mteja anaona tumezidisha mara tisa.

Ila hakuna anayekuja kutununulia mililita 50 za shira. Anataka kichupa kilichojaa, kikafungwa, kikafutwa, kikabandikwa lebo, kikavishwa utepe. Tuchukue oda ya vichupa 120, shira ikiwa dola 50 kwa galoni. Kwa kila kichupa: shira, pamoja na ile inayobaki kwenye sufuria na mrija, senti 68. Kichupa na kifuniko chake, dola 1.25. Nauli ya kuvileta vichupa hivyo, maana kioo ni kizito, senti 25. Lebo, senti 30. Kikadi na uzi, senti 20. Vinavyopasuka, vyenye kasoro, na lebo zilizokwenda upande, senti 10. Boksi na vigawanyio vyake, senti 15. Halafu kazi: watu wawili kwa saa nne, kila mmoja dola 18 kwa saa, ni dola 144, yaani dola 1.20 kwa kichupa. Jumla ni dola 4.13, na faida bado hatujaigusa.

Shira ni senti 68 kati ya hizo. Kama sehemu moja ya sita.

Kwa hiyo mtu anayepanga bei ya kichupa kwa kuanzia bei ya galoni ameanzia pasipofaa. Anza na kioo na mikono. Shira utaijumlisha baadaye.

Mbona basi cha mililita 100 hakiuzwi mara mbili ya bei ya cha 50?

Kwa sababu hiyo hiyo. Kwenye cha 100 shira inaongezeka mara mbili, inakuwa dola 1.36. Kioo kinapanda kidogo, tuseme dola 1.50, nauli senti 35, boksi senti 20. Lebo ni moja, uzi ni mmoja, na mkono unaofunga kifuniko ni ule ule. Jumla inakuja kama dola 5.21. Umeongeza shira kwa asilimia 100, gharama imepanda kwa asilimia 26 tu.

Ndiyo maana mteja mwenye bajeti ya kati huwa tunamwelekeza kwenye cha 100, kisha tunamwambia apunguze idadi ya vichupa. Hilo linakuja kwenye swali la wageni.

Nami nataka kuuza. Faida niweke kiasi gani?

Wengi wanachukua gharama, wanaongeza asilimia 30, wanadhani wamepata faida ya asilimia 30. Hebu tazama: 4.13 ukiongeza asilimia 30 unapata 5.37. Faida yako ni dola 1.24, na hiyo ni asilimia 23 ya bei uliyouzia. Ukitaka asilimia 30 ya bei ibaki kwako, gawa gharama kwa 0.7: 4.13 inakuwa 5.90, na 5.21 inakuwa 7.44. Tofauti ya senti 53 kwa kichupa, kwenye oda ya 120, ni zaidi ya dola 60.

Na uhesabu mshahara wako. Watu wa kwetu tukifanya kazi jikoni mwetu usiku, watoto wamelala, tunajiona hatujatumia kitu. Siku oda ikiwa kubwa ukahitaji kumwita mtu wa kukusaidia, utakuta bei yako haina pesa ya kumlipa. Weka saa zako ndani ya bei tangu oda ya kwanza, hata kama hujilipi.

Nikichukua vingi mnapunguza?

Tunapunguza, ila si kama wa Kariakoo anavyopunguza kwenye robota la mitumba. Angalia kinachoshuka na kisichoshuka. Nauli ya vichupa inashuka ukiagiza katoni nyingi kwa pamoja. Lebo inashuka kidogo. Shira hushuka kidogo tu, kwa sababu hata oda ya vichupa 200 vya mililita 50 ni chini ya galoni 3. Kazi ya mikono haishuki: kichupa cha mia mbili kinafutwa kwa kitambaa sawa na cha kwanza.

Kinachoshuka kweli ni kazi ya mwanzo, ambayo ni moja hata kama vichupa ni 10: kupanga lebo, kukutumia mchoro, wewe kusema jina la bwana harusi limekosewa herufi, kurudia, kuwasha jiko, kuosha vyombo. Hiyo tumeitenga kama ada ya oda, dola 40. Kwa vichupa 24 inakula dola 1.67 kila kimoja. Kwa 120 ni senti 33. Kwa 200 ni senti 20. Tunaiandika peke yake kwenye ankara badala ya kuificha ndani ya bei. Mteja akiiona, mwenyewe anaamua kama aongeze vichupa au aache.

Mimi ni ndugu yenu / tunasali pamoja / nilikuwa jirani ya mama yako. Bei ya kwetu je?

Tunaheshimu sana, shikamoo zenu tumezipokea. Bei ya ndugu ipo: tunaondoa ile ada ya oda. Tunachoshindwa ni kushuka chini ya gharama ya kioo na kazi, maana kioo hakijui undugu na tunakilipia kabla ya kukifungua.

Kamati za harusi zina namna yao nyingine: mwenyekiti anapiga simu, anapewa bei; baada ya siku mbili mweka hazina anapiga, anaanza upya kama vile hatujaongea; halafu shangazi. Tunawaomba mtoe mtu mmoja wa kuzungumza nasi. Bei atakayopewa ni ile ile atakayopewa shangazi.

Tuna wageni 200. Tununue vichupa 200?

Hapana, na hapa ndipo pa kuokoa pesa ya kweli. Kwenye harusi zetu watu wanakuja kwa familia. Kadi ya watu wawili ni kichupa kimoja. Baba, mama na watoto wanne wanaokaa nyumba moja, kichupa kimoja kikubwa kinawatosha na wanakifurahia kuliko vidogo sita, ambavyo vinne vitavuja ndani ya mkoba wa mama.

Hesabu kadi mlizotoa badala ya viti ukumbini. Kwa wageni 200 kadi huenda zikawa 90 au 100. Vichupa 100 vya mililita 100 kwa dola 7.44, ongeza ada ya oda 40, ni dola 784. Vichupa 200 vya mililita 50 kwa 5.90, na ada hiyo hiyo, ni dola 1,220. Umeokoa zaidi ya dola 400 na kila nyumba imepata kichupa chenye maana. Ongeza vichupa vitano au kumi pembeni: wapo wageni wa kwetu wanaokuja bila kadi, na huwezi kuwaaga mikono mitupu.

Mililita 50 zinatosha kufanyia nini?

Ni vijiko vya mezani vitatu na kidogo. Zinatosha chapati za maji za watu wawili, au kutia kwenye chai na uji kwa siku chache. Kwa kaimati za nyumba nzima hazitoshi. Kama wageni wako wengi hawajawahi kuonja mepo, 50 inatosha kuwaonjesha.

Wageni wanaosafiri kwa ndege watapita nacho?

Kwenye mkoba wa mkononi, kimiminika kiwe ndani ya chombo kisichozidi mililita 100, na shira inahesabiwa kuwa kimiminika. Kanuni hiyo ipo Marekani na Kanada pia. Kichupa cha mililita 100, kinachoandikwa pia aunsi 3.4, kinapita. Cha 250 kitachukuliwa pale kwenye ukaguzi, mgeni atasononeka. Ndiyo sababu ya pili ya kupendekeza cha 100 kwa harusi yenye wageni wa mbali.

Kwa nini shira yenyewe ni ghali kuliko sukari ya dukani?

Utomvu wa mti wa mepo unapotoka una sukari kama asilimia 2 tu. Ukiuonja unadhani ni maji yaliyosuuziwa kikombe cha chai. Ili upate shira, unachemsha maji yaondoke hadi sukari ifike asilimia 66 au 67. Wachemshaji wana kanuni yao ya kale: gawa 86 kwa asilimia ya sukari kwenye utomvu, unapata galoni za utomvu zinazohitajika kwa galoni moja ya shira. Utomvu wa asilimia 2 unadai galoni 43. Mti ukitoa wa asilimia 1.5, zinakuwa 57, pamoja na kuni au mafuta ya kuzichemshia.

Na msimu ni mfupi. Unahitaji usiku wa barafu na mchana wenye joto kidogo, hali inayopatikana kati ya Februari na Aprili. Mti ukianza kuchipua majani, ladha inaharibika na kazi imekwisha mpaka mwakani.

Bei inapanda na kushuka kila mwaka kama nyanya?

Haichezi hivyo, na sababu kubwa iko Quebec. Jimbo hilo la Kanada linatoa zaidi ya theluthi mbili ya shira yote ya mepo duniani, na chama cha wazalishaji wake kinatunza akiba kwenye mapipa tangu mwaka 2000. Mwaka 2021 mavuno yalipokuwa mabaya, walitoa kama pauni milioni 50 kutoka kwenye akiba na soko likapumua. Akiba hiyo hiyo iliwahi kuibiwa: kati ya 2011 na 2012 wezi waliondoa karibu tani 3,000, mzigo wa takriban dola milioni 18 za Kanada, na mapipa mengine waliyarudisha yamejaa maji. Watu wanacheka wakisikia, lakini ukishajua kazi ya galoni moja unaelewa kwa nini mtu aliona inafaa kuiba.

Vermont inaongoza kwa Marekani na hutoa karibu nusu ya shira yote ya nchi hiyo. Mwaka 2024 ilipita galoni milioni 3.

Kwa kichupa chako, hata shira ikipanda kwa asilimia 20, ongezeko ni senti 14 kwenye cha mililita 50. Bei ya kioo ndiyo hutunyima usingizi.

Niagize lini?

Wiki sita kabla ya sherehe panatosha, nane kama unataka chupa ya umbo maalumu. Harusi nyingi za huku ni kati ya Juni na Oktoba, kwa hiyo ukiagiza Mei unapata shira mpya ya msimu huo na hatujabanwa. Ukipiga simu siku kumi kabla, tutajitahidi, ila lebo itakuwa ya kawaida na nauli ya haraka ya vichupa utailipa wewe. Nauli hiyo inaweza kuzidi bei ya shira yote.

Rangi ipi nichague? Kuna tofauti ya bei?

Kuna madaraja manne ya rejareja, yanayofanana Marekani na Kanada tangu 2014 na 2015: ya dhahabu yenye ladha nyepesi, ya kahawia-dhahabu, nyeusi-nyeusi yenye ladha nzito, na nyeusi kabisa. Sisi, kama wauzaji wengi, tunayauza kwa bei moja. Nyeusi si chafu wala si ya daraja la chini. Ni ya mwisho wa msimu tu.

Kwenye kioo kidogo, ya dhahabu inapendeza mno mezani ikipigwa na mwanga. Ila mgeni akifika nyumbani akaitia kwenye chai ya maziwa yenye tangawizi, hataisikia. Sisi tunachagua ya kahawia-dhahabu: inaonekana, na inaonjeka. Kama wageni wako ni watu wa chai kali, chukua nyeusi bila wasiwasi.

Chupa yenye umbo la jani la mepo inaongeza kiasi gani?

Kwa mililita 50, tegemea senti 30 hadi 60 juu ya kichupa cha duara, kutegemea umechukua ngapi. Inapendeza, na picha za harusi zinatoka vizuri. Lakini ina pembe: lebo inabandikwa kwenye kipande kidogo katikati, kwa hiyo "Asanteni kwa kuja, Familia ya fulani na fulani, tarehe fulani" haiingii. Majina mawili na mwaka, basi. Na kwa sababu haikai vizuri kwenye vigawanyio vya boksi, inahitaji karatasi zaidi. Ukiwa na ujumbe mrefu, chukua chupa ya duara, senti zilizobaki zitie kwenye kikadi.

Naweza kununua galoni nikajaza mwenyewe nyumbani?

Kwa kugawa bure kwenye sherehe yako, ndiyo, na utaokoa. Kwa mfano wetu wa vichupa 120 vya mililita 50, utanunua galoni 2 na kubakiwa na zaidi ya lita moja ya kula nyumbani. Mfukoni zitatoka kama dola 370 badala ya 748 za kwetu. Unachotoa badala yake ni saa nane za watu, na zitakuwa zaidi kama ni mara yenu ya kwanza.

Fanya hivi. Osha vichupa, vikaushe, viweke kwenye oveni ya joto dogo ili vipate moto. Kioo baridi kikipokea shira ya moto hupasuka. Pasha shira taratibu hadi nyuzi 85 za Selsiasi, ukiwa na kipimajoto. Kukisia kwa macho hakufai. Wachemshaji wanajaza kuanzia nyuzi 82, lakini kichupa kidogo kinapoa haraka mno, ndiyo maana tunaanza juu kidogo. Usivuke 90: chembechembe laini zinaanza kujitenga upya na shira inakuwa na ukungu, na ukiiacha ichemke maji yanapungua na baadaye utakuta fuwele za sukari chini. Jaza karibu na mdomo, funga hapo hapo, kisha laza kichupa ubavu kwa dakika mbili tatu ili shira ya moto iguse kifuniko kwa ndani na kuua vijidudu. Usijaze vichupa 40 kwanza halafu ndiyo ukaanza kufunga. Jaza kimoja, funga kimoja.

Vikishapoa kabisa, futa kila kimoja kwa kitambaa chenye maji ya moto, kausha, ndipo ubandike lebo. Tone moja la shira kwenye shingo linatosha kuifanya lebo iteleze usiku kucha, na asubuhi unakuta majina ya maharusi yametazama chini. Kazi hii ya kufuta ndiyo inayokula saa. Watu wanadhani ni kujaza.

Kwa kuuza ni habari nyingine: majimbo yana masharti ya leseni na jiko, kwa hiyo anza na idara ya kilimo ya jimbo lako kabla ya kununua hata kifuniko.

Lebo iandikwe nini?

Kama inauzwa Marekani: jina la bidhaa, ujazo kwa aunsi na kwa mililita, jina na anwani ya aliyejaza, na daraja. Ukiandika "Vermont", shira yote iwe ya Vermont. Kanada lebo iwe kwa Kiingereza na Kifaransa. Hayo tunayaweka upande wa nyuma kwa herufi ndogo. Mbele ni penu. Kiswahili kinaruhusiwa, na tunakipenda. "Karibuni tena" inavutia kuliko maua ya kompyuta.

Je, ni halali? Mbona ni utomvu tu?

Swali zuri, na wengi hawaliulizi. Utomvu ukichemka unaumuka kama maziwa, na mchemshaji anadondoshea mafuta kidogo kulituliza povu. Zamani wengine walining'iniza kipande cha nyama ya nguruwe yenye mafuta juu ya sufuria, povu likiigusa linashuka. Siku hizi wengi wanatumia mafuta ya mimea au dawa maalumu ya povu, na wengine siagi. Kiasi ni matone, lakini matone ya nini ndilo jambo. Tunanunua kwa wachemshaji wanaotumia mafuta ya mimea tu. Ukinunua kwingine, muulize mwenye kibanda cha kuchemshia. Ataelewa na hataudhika, maana Wayahudi wanaofuata sheria zao za chakula wamekuwa wakiuliza hilo hilo siku zote.

Duka kubwa lina shira ya dola 4 chupa kubwa. Nijaze hiyo?

Hiyo nyingi ni shira ya mahindi yenye rangi na harufu. Soma orodha ya viambato: mepo halisi ina kimoja tu. Si sumu, watoto wanaipenda, ila usiiandike mepo kwenye lebo. Na kumbuka hesabu ya juu: ukiitumia umeokoa kama senti 50 kwa kichupa ambacho kioo na kazi yake vimekwisha kukugharimu dola 3.

Nipo Kanada, nianzie wapi?

Kwa nauli na mpaka, nunua huko huko. Quebec shira inauzwa zaidi kwenye kopo la mililita 540, na kopo moja linatoa vichupa 10 vya mililita 50, kikibaki cha kulamba. Njia ya hesabu ni hii hii, badilisha dola tu.

Naweza kuonja kabla ya kuagiza?

Karibu. Na mwezi wa Machi vibanda vingi vya wachemshaji hufungua milango kwa wageni. Maine wana Jumapili yao maalumu, ya nne ya mwezi huo. Nenda na watoto, na patana bei moja kwa moja na mwenye shamba. Ukipata galoni kwa bei nzuri huko, tuletee tukujazie. Tutakutoza kioo na kazi.

Malipo yakoje?

Nusu kabla hatujachapa lebo, nusu siku ya kuchukua. Nusu ya kwanza hairudi lebo zikishachapwa, kwa sababu vichupa vyenye majina ya maharusi hatuna wa kumuuzia. Harusi ikisogezwa mbele hakuna shida, shira inangoja. Ila tarehe isiwe kwenye lebo; iweke kwenye kikadi, ambacho kukichapa upya ni senti 20.

Inakaa muda gani?

Kwenye kioo kilichofungwa vizuri, mwaka na zaidi, mahali pa baridi pasipo jua. Kwenye plastiki hewa inapenya polepole, rangi inaiva ndani ya miezi. Ikishafunguliwa iende kwenye friji, maana inaweza kuota ukungu.

Nataka kupeleka vichupa 100 kwenye harusi ya Dar. Inawezekana?

Inawezekana, viwe kwenye begi la kupakiwa. Kwa vichupa vya mililita 50, shira peke yake ni kilo 6.6, na kioo juu yake, kwa hiyo begi moja karibu limekwisha. Funga kila kifuniko kwa utepe wa plastiki, kila kichupa ndani ya soksi au khanga, na vyote ndani ya mfuko usiopitisha maji. Khanga ni mzigo ambao mngeupeleka hata hivyo. Ukiona uzito unakusumbua, beba makopo au chupa za plastiki, kioo ununue huko huko na ujaze ukifika, kwa utaratibu ule wa nyuzi 85.

Vikibaki mnavichukua?

Visivyo na majina, ambavyo havijafunguliwa, ndani ya siku 30, ndiyo, kwa bei mliyonunulia bila ada ya oda. Vyenye majina vibaki kwenu. Wapeni wapishi, DJ na waliopanga viti; hao mara nyingi hawakuwa kwenye hesabu ya kadi.